Mshono wa Kiatu cha Kushoto

Gyu-won amenunua viatu leo,
won elfu kumi na tisa, pesa yake ya sikukuu.
Havina boksi, havina namba,
haviingii tope, havinuki,
na mguu wa kuvivaa haumo humu nyumbani.

Humo mchezoni, katika ule mji wa mapaa
ambamo watoto wa dunia nzima hukimbizana hadi usiku wa manane,
kampuni imefungua duka.
Juzi pale palikuwa na tangi la maji, tukijificha nyuma yake.
Leo pana mlango wa kioo na bawa jekundu,
foleni inazunguka paa mara tatu,
na mbingu yenyewe, wiki hii, imepakwa rangi ya kampuni.
Wapiga debe hawaonekani.
Kila mtoto anayeruka ni bango,
na bango limejilipia nauli.

Bibi Jeom-sun yuko sakafuni, anamenya vitunguu saumu.
Miaka kumi na minne alikaa mbele ya cherehani
kule Sasang, mstari wa tatu, kiti cha mlangoni,
baridi ya Busan ikimtafuna bega moja tu.
Bawa lilelile.
Kisha mashine zikafungwa kamba, zikapakiwa melini,
zikaenda kutafuta mikono ya bei nafuu.

"Nionyeshe," anasema.
Ndugu yangu anavua spika za masikioni.
"Kipindue."
"Hakipinduki, Bibi. Mtu anaruka tu."
"Basi mrushe."

Mtu wa kwenye skrini akaruka toka paa hadi paa,
Gyu-won akamgandisha hewani,
soli nje, kisigino cha kushoto kikitukabili.
Bibi akatafuta miwani. Ilikuwa kichwani.

Punje ya kitunguu ikabingirika chini ya kabati,
hakuna aliyeifuata.

Safu ya uzi inashuka sawasawa, inashuka,
halafu mishono mitatu inapepesuka kama mlevi
kabla ya kurudi njiani.

"Huyo ni mimi."

Zamu ya usiku, anasema, mwaka wa themanini na saba,
mimba ya miezi minane imeegemea meza,
na mama yenu akapiga teke.
Sindano ikayumba.
Msimamizi alikata ujira wa siku mbili
lakini kiatu hakukitupa: meli ilikuwa inangoja.

Gyu-won anasoma maelezo ya dukani kwa sauti ya darasani:
*Imenakiliwa kutoka jozi ya zamani ya mkusanyaji.
Kasoro zote zimehifadhiwa, kwa ajili ya uhalisi.*

Bibi analirudia hilo neno, uhalisi,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Mimi nilijua hesabu, nikanyamaza.
Wanawake walikuwa maelfu katika kile kiwanda,
na nani kati yao hakuwahi kuteleza,
kwa usingizi, kwa homa, kwa barua iliyofika asubuhi?
Huenda ni mshono wa mwingine,
naye pia yuko sakafuni mahali, mbele ya skrini ya mjukuu.

"Wameuza vingapi?"
"Milioni nne, tangu Ijumaa."
Bibi akatazama vidole vyake, vinanata.
"Waulize dirisha la malipo liko wapi.
Nina siku mbili zangu."
Gyu-won akadhani ni utani, akacheka.
Akamtazama usoni, akaacha.

Ndipo Mama akafika kutoka kazini,
akavua viatu mlangoni bila kuinama,
kimoja kwa ncha ya kingine,
cha kushoto kimelika kisigino kwa nje.
"Mbona mmenyamaza?"

"Njoo," Bibi akasema, "uone ulivyonipiga."

Mama akaja na mfuko wa mboga mkononi.
Kwenye skrini yule mtu alikuwa bado hewani,
mbingu nyekundu nyuma yake,
hajaruhusiwa kutua.